Nilisaini Daftari, Nikakabidhiwa Kiwanda Kilichokufa

Hivi nyie humu ndani, kuna aliyewahi kuajiriwa Jumapili mchana, hajaomba kazi, na kiwanda kilichokufa miaka kumi na mmoja iliyopita?

Basi huyo mnayemwona hapo juu kwenye picha, kofia ya kanisani kichwani, koti la mlinzi mwilini, filimbi shingoni na rungu mkononi, ni mimi.

Msicheke kwanza. Kaeni niwasimulie.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Lakini sitaruka kitu.

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Shule niliishia darasa la nne, baba akasema hayo yanatosha. Lakini mwandiko wangu, jamani! Mwalimu alikuwa analichukua daftari langu anakwenda kuwaonyesha darasa la saba, anawaambia, "Oneni aibu."

Tangu hapo nikapata ugonjwa. Daftari lolote likifunguliwa mbele yangu, nasaini. La wageni, la harusi, la msiba, la mahudhurio. Siku moja nilisaini daftari la zahanati, nikaitwa ndani nikafungwa kifaa cha presha mkononi, kumbe nilimsindikiza jirani tu.

Hilo la kusaini liwekeni pembeni, tutalihitaji. Sasa la pili.

Kanisani kwetu wananiita Bibi Majoho.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita nilimfuata Katibu wa kwaya, enzi hizo bado ana nywele. Nilitaka kumwomba niimbe. Nilikuwa nimejiandaa haswa, mpaka maji ya uvuguvugu na asali nimekunywa.

Nikafungua mdomo. "Katibu, nilikuwa nataka..."

"Mama, Mungu ndiye amekuleta!" akanidaka. "Aliyekuwa anatufulia majoho amehama. Hebu tushikie kidogo. Kwa muda tu, mpaka tupate mtu."

Kwa muda tu.

Majoho thelathini na manne. Jumatatu nafua, Ijumaa napiga pasi, Jumapili nagawa, ibada ikiisha nakusanya. Naijua harufu ya jasho la kila mwimbaji. Namjua anayefutia rangi ya midomo kwenye mkono wa joho, namjua anayeficha karanga mfukoni. Nyimbo zao zote ninazo kichwani, sauti ya kwanza mpaka ya nne, maana naziimba nimeinamia beseni.

Ila joho lenyewe sijawahi kulivaa. Hata kulijaribisha tu mbele ya kioo.

Jumapili ninayowasimulia niliamka nimejiapiza: leo namwambia. Leo hakuna cha kunidaka.

Tukafika kwenye matangazo. Mimi nimeshasogea ukingoni mwa benchi, mkoba nimeuweka chini ili mikono iwe huru.

Katibu akasimama. "Kabla hatujaendelea, tumpigie makofi Bibi Majoho, mama asiyechoka!"

Kanisa zima makofi. Vigelegele. Mtu wa kinanda naye akatupia kionjo.

Sasa niambieni, mtu ukishapigiwa makofi kwa kutochoka, unaanzia wapi kusema umechoka?

Nikameza maneno yangu. Yalishuka kama kidonge bila maji. Nikatoka pale nimevurugwa, mpaka miwani nikaisahau ndani ya kitabu cha nyimbo.

Mjukuu wangu akaniwahi mlangoni, akabeba gunia la majoho, akalitupa kwenye buti.

Huyu mjukuu ni wa tano. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, kwenye ile mashine ya kupiga picha ndani ya kinywa. Wiki nzima anapiga picha meno yaliyooza. Jumapili anapumzika kwa kupiga picha majengo yaliyooza.

Ndiyo. Magofu. Anaendesha gari mashambani huko, akiona nyumba imekufa anasimama, anatoa kamera, anaanza kuinama na kulala chini na gauni la kanisani. Halafu picha anaziweka mtandaoni, na watu wanamsifia.

Nilimuuliza, "Mwanangu, kwani kitu kizima hukipendi?"

Akanijibu, "Bibi, kitu kizima hakina habari."

Na ana masharti kuliko mganga. Picha zake haziingii mtu. Hata kivuli. "Bibi, kisigino chako hicho. Bibi, rudi nyuma. Bibi, basi kaa tu kwenye gari."

Jengo la kwanza siku hiyo lilikuwa duka la zamani njia panda. Yeye akaenda nyuma kutafuta mwanga. Mimi nikaona fagio la vijiti limelala pale sakafuni, na sakafu yenyewe haitazamiki. Nikafanya ninachokijua.

Aliporudi akashika kichwa. "Bibi! Umefagia gofu?"

"Kulikuwa kuchafu."

"Uchafu ndiyo picha yenyewe, Bibi!"

Kwa hiyo jengo la pili nikaamriwa nisishuke kwenye gari.

Jengo la pili ndilo kiwanda.

Kilikuwa kiwanda cha vifungo vya nguo. Kipo kwenye barabara ya zamani ambayo magari yameikimbia tangu ile mpya ifunguliwe. Paa hakuna. Madirisha hakuna. Ghorofani mbuzi amesimama dirishani anatutazama kama meneja.

Na geti, sikilizeni hapa. Geti zima, la chuma, limefungwa kwa kufuli. Ukuta wa kulia umeanguka wote. Wa kushoto umeanguka wote. Geti limebaki peke yake kama jino la mbele.

Mjukuu akapita pembeni na kamera yake, akapotelea ndani.

Mimi nimekaa zangu kwenye gari, mlango wazi, nasikilizia upepo. Mara nikasikia mtu anakohoa.

Kile kikohozi cha ofisini. Cha kukujulisha kwamba umeonekana.

Kwenye kibanda kando ya geti, mzee wa makamo yangu ameketi kwenye stuli. Koti la mlinzi limepauka mpaka halina rangi, lakini limepigwa pasi, mstari wa mkono unaweza kukata mkate.

"Karibu, mama. Pita usaini."

Mngekuwa nyie mngekimbia. Mimi nilisikia "usaini" tu, nikashuka.

Akachagua ufunguo kati ya funguo nane, akafungua kufuli, akanifungulia geti. Nikapita katikati, kwa heshima. Akafunga nyuma yangu.

Nikamwambia, "Baba, ukuta si umeanguka? Si ningepita tu hapo?"

"Pembeni si mlango, mama."

Akaniwekea daftari mezani. Kubwa, jalada gumu, mistari myekundu. Miwani sina, naona ukungu mtupu, lakini niliiona nafasi moja nyeupe mwisho wa mstari, iko wazi, inanisubiri.

Nikashika kalamu. Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la babu. Herufi zimelala upande mmoja kama mpunga.

Mzee akalitazama. 

"Mwandiko mzuri sana," akasema. Halafu akasimama wima, akapiga saluti, na machozi yakamtoka. "Nimepokelewa!"

"Umepokelewa na nani, baba?"

"Na wewe, mama. Umesaini. *Anayepokea zamu*, hapo."



"Zamu ya nini?"

"Ya ulinzi."

"Kulinda nini?"

Tukageuka wote wawili tukakitazama kiwanda. Mbuzi naye akatutazama.

"Hicho," akasema.

Ndipo akanieleza. Miaka kumi na mmoja nyuma aliingia zamu ya asubuhi. Wa usiku alitakiwa aje saa kumi na mbili kumpokea. Hakuja. Na sheria ya kwanza ya ulinzi ni kwamba huondoki lindoni mpaka anayekupokea asaini.

"Kwa hiyo ukakaa?"

"Nikasema kwa muda tu, atakuja."

Yale maneno yaliniingia kama sindano. *Kwa muda tu.*

"Na mshahara?"

"Uliacha kuja. Zamu haikuacha."

Akanisomea daftari. Kila siku mstari mmoja. Hali: shwari. Hali: shwari. Hali: shwari. Ukurasa mmoja tu ulikuwa tofauti, akausoma kwa sauti ya huzuni: "Paa limeondoka saa nane mchana, kuelekea mashariki, bila kibali."

"Mali zote zipo, mama," akanihakikishia. "Kasoro paa."

"Na mke unaye?"

"Ninaye. Ananiletea chakula hapo getini. Mjukuu wetu wa kwanza nimeonyeshwa kupitia nondo. Nikamshika kidole."

Jamani, mimi ningeweza kukataa. Neno "hapana" nalijua, si geni kwangu. Ningemwambia baba, mimi natoka kanisani, nimekosea, futa. Lakini hicho kidole cha mtoto kikanishinda. Ile "hapana" ikashuka kule kule yalikoshukia maneno ya asubuhi.

Nikasema, "Haya."

Akaanza kukabidhi. Tochi moja, haiwaki. Rungu moja. Filimbi moja. Funguo nane. Kisha akavua koti, akalikunja, akaniwekea mikononi, akabaki na fulana yenye matundu kuliko kitambaa.

"Na hilo koti?"

"Mali ya kiwanda. Anayetoka zamu hatoki na mali ya kiwanda."

"Utapita barabarani hivyo, Jumapili hii? Mkeo si atakurudisha?"

Akajitazama. "Nitapita vichakani."

Sikuweza. Nikaenda kwenye gari, nikafungua gunia, nikatoa joho la yule mwimbaji mnene wa sauti ya nne. Nikamvisha. Bluu, kola nyeupe, jina la kanisa letu limedariziwa mgongoni. Likamkaa kama alishonewa yeye.

Pikipiki ya abiria ikatokea, akaisimamisha. Akaondoka hageuki nyuma, joho limejaa upepo kama puto.

Nikabaki mimi, na mbuzi.

Nikavaa koti. Ningefanyaje? Jina langu limo mle, na la baba, na la babu.

Baada ya nusu saa nikasikia hatua. Nikapuliza filimbi. Hata sijui ilitoka wapi, mkono ulikwenda wenyewe.

"Simama hapo! Umeingia kwa kibali cha nani?"

Mjukuu wangu nusura aangushe kamera. "Bibi?! Umevaa nini?"

"Pita getini."

"Bibi, geti la nini, si nakuona hapa?"

"Pembeni si mlango."

Akazunguka, akasimama getini, nikamfungulia. Nikampekua. Mfukoni nikakuta kifungo kimoja cheupe, cha matundu manne.

"Hiki?"

"Bibi, nimekiokota! Viko maelfu mle ndani!"

"Kirudishe."

Nawaambia ukweli, kile kifungo kilinitia tamaa. Kwenye gunia nina majoho sita yanadai vifungo. Lakini zamu ni zamu.

Nikamweleza kisa chote. Akacheka mpaka akakaa chini. Aliponiona sicheki, akaacha.

"Bibi, twende nyumbani."

"Siwezi. Sijapokelewa."

"Hicho kiwanda kimekufa!"

"Kimekufa, hakijakabidhiwa."

"Basi nisaini mimi, tuondoke."

"Ukisaini, unabaki wewe. Kesho meno ya watu yatapigwa picha na nani?"

Akapiga miguu chini kama enzi zake za utoto. Kisha akainua kamera, akanipiga picha. Hiyo hiyo hapo juu. Ya kwanza kwenye kazi zake kuingia mtu.

"Bibi," akasema taratibu, "kwa nini hukumkatalia tu?"

 Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la miaka ishirini na mmoja.

Simu yake ikalia. Katibu wa kwaya. Anauliza, Bibi Majoho yuko wapi, maana pale kanisani kuna mzee amevaa joho letu na anasema Bibi yuko kazini.

Mjukuu akamwelekeza, na saa kumi gari la Katibu likafika. Alishuka anafuta kipara kwa leso, anacheka peke yake. Nikampitisha getini.

"Bibi Majoho! Hii nini sasa? Hebu nikusimulie kwanza, utacheka. Dereva wa pikipiki ameona joho lina jina la kanisa, hakuuliza, amemleta mzee wa watu moja kwa moja mpaka mlangoni. Na sisi tuko mazoezini! Nikajua ni mwimbaji mpya uliyemvisha joho, nikamsukumia safu ya nyuma. Akafungua mdomo... Bibi! Besi hiyo! Vioo vimetetema!"

"Mmemweka safu ya nyuma," nikasema.

"Sauti ya nne. Tumeshamwandika. Mkewe ameitwa, amekuja analia na kucheka, tumempa soda. Jumapili ijayo anaimba!"

"Mmemwandika leo."

"Dakika kumi hazikuisha!"

Dakika kumi.

Wanangu, mimi si mtu wa hasira. Mtoto akinimwagia uji naulizia kama ameungua. Lakini hapo kuna kitu kiliamka tumboni, kikasimama, kikajinyoosha.

Nikalifungua daftari. Mstari mpya. Nikaandika taratibu, herufi zimelala upande mmoja: *Tochi moja. Rungu moja. Filimbi moja. Koti moja. Funguo nane. Gunia moja, majoho thelathini na matatu. Hali: shwari.* Mwisho wa mstari nikaacha nafasi nyeupe.

Katibu akachungulia. Naye ana ugonjwa wangu ule ule, mnajua? Ukatibu wote ni kusaini. Kalamu anayo mfuko wa shati hata akienda kuoga.

"Ah, hili daftari la wageni?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nililisogeza tu.

Akasaini. Na mkia mrefu chini ya jina.

Mjukuu wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Somo nitaliweka hapa hapa, maana kinachofuata sitaki kukichanganya na maneno mengine. Mnaosoma, la kwanza: msisaini msichokisoma, hata kama mwandiko wenu ni mzuri. La pili: "kwa muda tu" haina mwisho mpaka wewe mwenyewe uutamke. Anayesubiri aonekane kuwa amechoka atasubiri mpaka paa liondoke. Watu hawakuonei kwa ubaya kila mara. Wengine hawajui tu, kwa sababu hujawaambia. Mimi nimefua miaka ishirini na mmoja kwa kosa la kutomaliza sentensi moja.

Haya. Turudi getini.

Nikavua filimbi, nikamvisha Katibu. Nikamwekea rungu mkononi. Koti nikamtundikia mabegani. Mjukuu akaleta gunia, akaliweka miguuni pake.

"Bibi, hivi vitu vya nini?"

"Soma ulichosaini."

Akasoma. Akasoma tena. Kipara kikaanza kutoa jasho upya. Akacheka, akaona sisi hatucheki, akaacha.

"Yaani mimi ndiye mlinzi?"

"Na mfua majoho. Imeandikwa."

"Bibi, mimi nina familia! Nina kikao saa kumi na mbili! Nitakaa hapa mpaka lini?"

Mungu anisamehe, nililifurahia jibu hili kuliko wali wa sikukuu.

"Kwa muda tu, Katibu. Mpaka tupate mtu."

Mbuzi akalia ghorofani.

Katibu akaketi kwenye stuli. Alinitazama, na sidhani kama kwa miaka yote ile aliwahi kunitazama hivyo, kama mtu anayemtafuta mtu na si gunia lake.

"Uliwahi kunifuata," akasema polepole. "Zamani. Ulianza kuniambia kitu, nikakukatiza."

"Ulinikatiza."

"Ulikuwa unataka nini, mama?"

Nikainama nikafungua gunia. Nikatoa joho la juu kabisa, halijafuliwa, linadai kifungo. Nikalivaa pale pale getini, juu ya gauni langu, nikafunga kola. Mjukuu wangu akainua kamera, na safari hii hakuniambia nirudi nyuma.

"Nataka kuimba," nikasema.